Mbio za baiskeli Bariadi: Ni mashindano au burudani ya tamasha?

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

KILA ifikapo kiangazi, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa na mkulima wa Simiyu akiwa ameshika fedha kidogo mkononi, wakazi wa Kanda ya Ziwa huukumbuka mchezo wao. Si soka, ingawa soka nayo wanaipenda. Ni mbio za baiskeli.

Mchezo huo una sifa moja ya pekee. Hauhitaji kiingilio, hauhitaji uwanja, na mtazamaji hahitaji kuelezwa kanuni zake. Anasimama kando ya barabara, anasikia kelele zikitokea mbali, anaona vumbi au mng'aro wa rimu juani, na kabla hajamaliza kuhesabu waliotangulia, kundi zima limekwisha pita.

Hata hivyo, lipo swali ambalo wadau wa mchezo huo wamekuwa wakilizunguka kwa muda mrefu bila kulijibu. Je, yanayofanyika Bariadi na maeneo jirani ni mbio za kweli, zenye hadhi ya mashindano ya michezo, au ni burudani inayonogesha tamasha kama zinavyonogesha ngoma na hotuba?

Mtu anaweza kudhani kuwa hilo ni suala la maneno tu. Sivyo. Jibu lake ndilo linaloamua fedha za wadhamini zinatumika wapi, barabara inafungwa kwa muda gani, gari la wagonjwa linakuwapo au halipo, na kijana aliyeshinda anaondoka na nini zaidi ya zawadi.

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza, na una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2.1, wengi wao wakulima wa pamba na wafugaji wa Kisukuma. Kwa watu hao baiskeli haikuanza kuwa mchezo. Ilianza kuwa mnyama wa kazi.

Juu ya keria yake yamepita magunia ya pamba kwenda kwenye ghala la ununuzi, madumu ya maji, mikaa, wagonjwa na maharusi. Katika mji wa Shinyanga, kabla pikipiki hazijatapakaa, baiskeli za kubeba abiria ziliitwa daladala, na vijana waliziendesha kutwa nzima wakiwa na mtu mzima nyuma. Kijana wa namna hiyo hahitaji kufundishwa maana ya kuwa na mapafu na miguu.

Ndiyo maana Kanda ya Ziwa imekuwa ikitajwa daima kila baiskeli inapozungumzwa nchini. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya simu ya Vodacom iliyadhamini mashindano ya Mwanza yaliyovuta washiriki kutoka mikoa mbalimbali. Muongo uliofuata Bariadi nayo ikawa mwenyeji, kupitia tamasha lililojulikana kama Simiyu Jambo Festival, wakati mkoa ukiongozwa na Anthony Mtaka, ambaye alipata pia kuwa Rais wa Riadha Tanzania. Katika tamasha hilo mbio za baiskeli ziliwekwa bega kwa bega na ngoma za asili za Wagika na Wagalu.

Na hapo ndipo penye kiini cha mjadala wenyewe.

Msukuma ana utamaduni wa mashindano ulio mkongwe kuliko baiskeli. Makundi mawili ya ngoma, Wagika na Wagalu, yalizaliwa katika karne ya 19 kutokana na upinzani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, na hadi leo kila kundi linajitahidi kulishinda lingine. Lakini ushindi wa ngoma hauamuliwi na saa wala futi kamba. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na kundi lililovuta watazamaji wengi ndilo lililoshinda. Watu wenyewe ndio waamuzi, na miguu yao ndiyo kura.

Huo ni utaratibu wenye busara yake, na hakuna aliyewahi kulalamika kuwa ngoma haina mtunza saa. Tatizo linakuja pale mbio za baiskeli zinapowekwa kwenye ratiba moja na ngoma na kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Mwandaaji huanza kujiuliza watu wangapi wamefurika, badala ya kuuliza nani amemaliza wa ngapi na kwa muda gani. Msafara wa baiskeli unageuka kuwa matarumbeta ya kumtangulia mgeni rasmi.

Wapo wanaosema kwamba hivyo ndivyo inavyostahili. Hoja yao haipaswi kubezwa. Wanasema mbio hizi haziwezi kuitwa mbio za kweli kwa sababu washiriki hawalingani tangu mwanzo: mmoja yuko juu ya Phoenix ya chuma yenye uzito wa kilo 20 hivi, mwingine yuko juu ya baiskeli ya mashindano yenye gia nyingi isiyofika nusu ya uzito huo. Wanaongeza kuwa hata baiskeli zikiwa sawa, anayeshinda si lazima awe mwenye nguvu zaidi, bali yule aliyejificha nyuma ya wenzake kilomita zote na kuchomoka dakika ya mwisho.

Hoja ya kwanza ina historia ndefu, na si ya Bariadi. Mbio maarufu kuliko zote duniani, Tour de France, zilianzishwa mwaka 1903 na gazeti la L'Auto ambalo lilikuwa linatafuta wasomaji. Nazo, kwa maneno mengine, zilizaliwa zikiwa kivutio cha biashara. Mwaka uliofuata washindani walituhumiwa kupanda treni na magari, watazamaji waliwavizia wapinzani usiku, na hatimaye wanne wa kwanza walifutiwa matokeo, akiwamo Maurice Garin aliyekuwa bingwa. Taji likaenda kwa Henri Cornet, kijana wa miaka 19.

Waandaaji walipoona hivyo, kuanzia mwaka 1905 hadi 1912 waliacha kabisa kumpata mshindi wa jumla kwa muda. Walitumia pointi kwa kufuata nafasi za kumaliza. Ni mwaka 1913 ndipo walipoirudia saa. Kumbe hata Ufaransa ilichukua miaka kumi kuamua kitu gani hasa kinapimwa.

Kuhusu vifaa ndiyo usiseme. Mwasisi wake, Henri Desgrange, aliamini kuwa gia za kubadilisha ni za wanyonge, na gia za namna inayotumika leo hazikuruhusiwa kwa washindani wa Tour hadi mwaka 1937. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 30 mabingwa wa Ufaransa walipanda milima kwa vyombo ambavyo kijana wa Maswa angevitambua mara moja.

Washindani walitakiwa pia kutengeneza baiskeli zao wenyewe. Mwaka huo wa 1913 Eugène Christophe alivunjikiwa uma wa gurudumu la mbele akiteremka mlima Tourmalet. Aliibeba baiskeli begani zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwenye karakana ya mhunzi na kuuchomelea uma huo kwa mikono yake huku waamuzi wakimwangalia. Alipewa adhabu ya kuongezewa muda, kwa sababu mtoto mmoja alimsaidia kuvuta mivukuto. Hadithi hiyo ingesimuliwa kwenye kijiwe chochote cha mafundi baiskeli Bariadi, hakuna ambaye angesema Christophe hakuwa kwenye mbio za kweli.

Hivyo uduni wa chombo hauondoi ukweli wa mbio. Kinachouondoa ni vyombo visivyolingana kushindana kwa zawadi moja. Chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kililazimika kulifikia jambo hilo mapema. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya umbali wa saa moja akiwa juu ya baiskeli anayoiendesha kwa kulala chali. Mwaka uliofuata UCI ikaamua kuwa chombo hicho hakihesabiki katika mashindano yake. Wengine waliita uamuzi huo woga wa maendeleo, na huenda ulikuwa woga kweli. Lakini tangu siku hiyo ilijulikana baiskeli ni nini. Leo kanuni zake zinafika hadi kwenye mizani: baiskeli ya mashindano ya barabarani isipungue kilo 6.8.

Hoja ya pili, ile ya kujificha nyuma ya mwenzako, ni nzito zaidi na inastahili kuangaliwa kwa makini.

Anayeendesha baiskeli kwa kasi kwenye barabara tambarare, na barabara nyingi za Simiyu ni tambarare, hapigani na barabara. Anapigana na hewa. Kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo sehemu kubwa ya nguvu zake inavyomezwa na upepo anaousukuma kwa kifua. Anayemfuata kwa karibu, gurudumu kwa gurudumu, anaweza kuokoa karibu theluthi ya nguvu hizo. Waendeshaji wa Kanda ya Ziwa wanalifahamu jambo hilo bila kulisoma kitabuni, ndiyo maana huonekana wakipokezana mbele, kila mmoja akivuta kidogo kisha akijitoa pembeni. Upepo ukigeuka na kupiga ubavuni, hukaa mshazari kama ndege wanaohama.

Je, anayeokoa theluthi ya nguvu zake mgongoni kwa mwenzake anastahili kuitwa mshindi?

Waingereza waligombana kwa swali hilo kwa nusu karne. Tangu miaka ya 1890 chama chao cha taifa kilipiga marufuku mbio za kuondoka pamoja kwenye barabara za umma, kwa kuwaogopa polisi na wananchi. Kilichobaki ni mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa, alfajiri, mavazi meusi, bila kelele. Baada ya muda hofu hiyo iligeuka imani: kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya uaminifu, na kwamba kukimbia kwa kundi ni kubebana. Juni 1942, katikati ya vita, Percy Stallard aliandaa mbio za kundi kutoka Llangollen hadi Wolverhampton. Alifungiwa na chama chake. Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla pande mbili hazijapatana, na katika kipindi hicho Waingereza waliachwa mbali na Wafaransa, Wabelgiji na Waitaliano.

Si baiskeli peke yake iliyopitia mtihani huo. Katika mashindano ya ndege zisizo na injini, ambayo ubingwa wake wa kwanza wa kimataifa ulifanyika Wasserkuppe, Ujerumani, mwaka 1937, rubani hupanda juu kwa kuzunguka ndani ya nguzo za hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, kisha huteleza kuelekea nguzo nyingine. Kwa kawaida kila rubani hujichagulia saa ya kuanza, na kasi yake hugeuzwa kuwa pointi. Matokeo yake ni kwamba wajanja husubiri wenzao watangulie ili wawaonyeshe hewa nzuri ilipo. Wengi walihoji kama hizo ni mbio au ni hesabu. Mwaka 2005 ulianzishwa mfululizo mwingine wa mashindano, ambamo wote wanaanza kwa pamoja na wa kwanza kufika ndiye mshindi, bila mlolongo wa pointi za kasi.

Kwa msomaji wa Bariadi mfano huo hauko mbali kama unavyoonekana. Mashariki ya mkoa huu, juu ya Serengeti, mtafiti Colin Pennycuick alifanya kazi kama hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwafuata tumbusi angani kwa ndege nyepesi ya kuteleza yenye injini ndogo ya kusaidia. Tumbusi nao huangaliana. Mmoja akianza kuzunguka na kupanda, wengine humjia kutoka mbali. Hakuna anayewalaumu kwa kubebana.

Ukweli ni kwamba kufuatana na kuviziana si kasoro ya mbio za kundi. Ndiyo mbio zenyewe. Nguvu ni mtaji, na mshindi ni yule anayejua kuutumia: lini avute, lini apumzike, amwamini nani na amwache nani. Anayetaka kupima nguvu tupu ana mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa. Vyote viwili ni mashindano halali, mradi kila mshiriki amejua tangu mwanzo kinachopimwa.

Kwa mantiki hiyo, vijana wanaopanda baiskeli Bariadi wako kwenye mbio za kweli, watake waandaaji wasitake. Hakuna anayeumiza mapafu kwa kilomita zaidi ya mia moja kwa ajili ya kupamba sherehe. Walio kwenye tamasha ni wale waliokaa chini ya hema.

Kasoro iko kwingine. Iko kwenye daftari.

Septemba 2025, jijini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa muda wa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili aliandikiwa muda huo huo. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03, na ilisomwa kwenye picha ya mstari wa kumalizia. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Bila kifaa kile, Watanzania wangebaki wakibishana na Wajerumani hadi leo.

Hata Filbert Bayi asingekuwa Bayi tunayemfahamu kama mita 1,500 za Christchurch, Februari 1974, zisingekuwa zimepimwa. Dakika 3:32.16 ndizo zilizomfanya ajulikane na watu ambao hawakuwahi kumwona. Muda unasafiri kwenda mahali ambapo mkimbiaji mwenyewe hajafika.

Mwendesha baiskeli wa Simiyu hana muda wa kusafirisha. Anaweza kuwa ameshinda, akabebwa juu juu, akapigwa picha na viongozi, akarudi nyumbani na fedha za kununulia mbuzi au bati. Lakini akitaka kumweleza kocha wa Kigali au Nairobi kuwa yeye ni mwendeshaji wa kiwango fulani, ataonyesha nini? Umbali usiopimwa kwa kanuni na muda uliochukuliwa kwa saa ya mkononi, pengine haukuchukuliwa kabisa, si ushahidi. Leseni na orodha ya viwango vya kimataifa hupitia chama cha taifa kinachotambuliwa na UCI, nacho hakiwezi kupeleka mbele matokeo ambayo hayana waamuzi wala kumbukumbu.

Jirani zetu wamelionyesha hilo. Mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, alisaidia kuandaa nchini Rwanda mashindano yaliyoshirikisha hata baiskeli za mbao wanazobebea mizigo wakulima. Hakuna tamasha zaidi ya hilo. Lakini waliokuwapo walikuwa na macho ya kuchagua vipaji, na timu ya taifa ikaanza kujengwa chini ya Jonathan Boyer, aliyepata kuwa Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Adrien Niyonshuti akatoka humo na kuibeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, ambako alishindana katika baiskeli za milimani. Tour du Rwanda iliingia kwenye kalenda ya UCI mwaka 2009. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, ambako mbio za wanaume za kilomita 267.5 zilimpa ubingwa Tadej Pogačar wa Slovenia.

Eritrea nayo, iliyokuwa na mbio zake za nchi nzima tangu mwaka 1946, ilimtoa Biniam Girmay, ambaye mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa jezi ya kijani. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Kenya, kwa upande wake, ilimlea Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyejifunzia kwenye vumbi la kijiji pamoja na kikundi cha David Kinjah kabla ya kuondoka na kushindania Uingereza.

Kwa hiyo kutoka kijijini kwenda duniani si ndoto. Kinachohitajika ni ngazi, na ngazi ya kwanza ni mbio za mkoa zinazoheshimika.

Hapo, hata hivyo, ndipo panapotokea hofu ambayo watetezi wa tamasha wanayo haki ya kuisema. Ukileta kanuni, leseni, kofia ngumu na baiskeli za mamilioni ya shilingi, nani atakayebaki kwenye mstari wa kuanzia? Mkulima wa Itilima mwenye Phoenix yake ataambiwa asimame pembeni na apige makofi. Washindani watatoka mikoa mingine wakiwa na magari ya kuwasindikiza, watachukua zawadi na kuondoka jioni hiyo hiyo. Mchezo utakuwa umepanda hadhi na wenyewe watakuwa wameupoteza.

Hofu hiyo si ya kufikirika. Dawa yake si kuacha mambo yalivyo, bali kuyatenganisha. Kundi la baiskeli za gia lishindane peke yake, na kundi la baiskeli za kazi lishindane peke yake, kila moja na zawadi yenye uzito unaokaribiana. Kusiwepo na dhana kwamba mbio za Phoenix ni kichekesho cha kufungulia pazia. Desgrange asingezicheka.

Hali kadhalika kwa wanawake, ambao mara nyingi hupewa umbali mfupi na zawadi ndogo kuliko wanaume, na kwa watu wenye ulemavu wanaoshindana kwa baiskeli za magurudumu matatu za kuendeshwa kwa mikono. Hawa ndio wanaoumizwa zaidi na dhana ya tamasha, kwa sababu huchukuliwa kama sehemu ya kugusa mioyo ya wageni. Mwanamke anayemaliza kilomita 80 juani anastahili kujua amezimaliza kwa muda gani. Huruma ya jukwaa kuu haimsaidii.

Suala la usalama nalo linaangukia hapo hapo. Msafara wa burudani unaweza kupishana na mabasi, bodaboda na ng'ombe, kila mtu akiomba Mungu. Mbio za kweli haziwezi. Zinahitaji askari wa usalama barabarani kwenye kila njia panda, pikipiki ya kutangulia, gari la wagonjwa nyuma, na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha mashindano. Hayo yana gharama, na ni gharama isiyoonekana kwenye picha. Mdhamini hawezi kubandika nembo yake kwenye njia panda iliyokuwa salama. Ndiyo maana fedha hukimbilia kwenye fulana na jukwaa.

Uzuri ni kwamba Simiyu tayari ina kitu ambacho haikuwa nacho miaka ya nyuma, nacho ni lami. Kutoka Lamadi, kando ya Ziwa Victoria, hadi Bariadi ni takriban kilomita 72. Kutoka Bariadi hadi Maswa ni karibu kilomita 50, na kutoka Maswa hadi Mwigumbi, mkoani Shinyanga, karibu 50 nyingine. Uwanja wa Nyakabindi, uliopokea maonyesho ya kitaifa ya Nanenane kwa miaka mitatu mfululizo kuanzia 2018, uko kwenye mkondo huo huo wa barabara na unatosha kuwa mahali pa kuanzia na kumalizia.

Mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa kati ya Lamadi na Bariadi zingeweza kuandaliwa kwa gharama ndogo mno. Kila baada ya dakika moja anaachiwa mshindani mmoja, kundi la Phoenix likitangulia na la gia likifuata. Hakuna wa kujificha nyuma ya mwingine, hakuna msongamano, hakuna ubishi wa nani alimziba nani. Vinavyohitajika ni saa mbili zinazosomana, waandishi wanaojua kuandika namba, na askari wa kutosha.

Atakayezimaliza kilomita hizo kwa saa mbili atakuwa amekwenda kwa wastani wa kilomita 36 kwa saa. Mwenye Phoenix akitumia saa tatu na dakika 36, atakuwa amekwenda kilomita 20 kwa saa akiwa na chombo ambacho siku ya pili kitarudi kubeba maji. Mwaka utakaofuata mtu mwingine atakuja na kuulizwa kama anaweza kuupunguza muda huo.

Kwa sasa hakuna cha kupunguza. Kwenye vijiwe vya mafundi mjini Bariadi wapo wanaoapa kuwa mabingwa wa zamani walikuwa na kasi kuliko hawa wa leo, na wapo wanaocheka kusikia hivyo, na mabishano huendelea hadi fundi anapomaliza kuziba pancha na mteja wake kuondoka.